KOMPYUTA INAVYOTAFUTA PINGILI ZA MGONGO KWENYE EKSIREI: kuona ni rahisi, kuhesabu ndiyo kazi



Kuna watu wamekuwa wakiniuliza, hii habari ya akili mnemba kusoma eksirei ni ya kweli au ni porojo za kuuzia magazeti? Badala ya kumjibu mmoja mmoja nimeona niandike moja ndefu, ikae hapa, mtu akitaka kurejea arejee. Sitagusa kila kitu. Nachukua kitu kimoja tu: namna kompyuta inavyofundishwa kutafuta mifupa ya uti wa mgongo kwenye picha ya eksirei. Ukielewa mgongo, hayo mengine ya mapafu na meno yatakuwa mteremko. Halafu kosa la mgongo lina bei kubwa, na anayelipa ni mtu aliyelala kifudifudi kwenye meza ya upasuaji.

Mimi ni mtu wa kompyuta. Mambo ya hospitali nimeelekezwa na jamaa yangu mmoja ambaye kazi yake ni kupiga eksirei, mtu mzima kwangu, namwita kaka. Kama upo kafe na dakika zako zinayoyoma, ruka moja kwa moja mpaka namba 6, ndo roho ya makala. Wengine twende pole pole.

1. MGONGO WENYEWE

Uti wa mgongo umejengwa kwa pingili. Tukizaliwa tunakuwa na pingili 33 hivi. Hesabu yake iko hivi: 7 za shingo, 12 za kifua, 5 za kiuno, 5 zinazokuja kuungana kuwa mfupa mmoja unaoitwa sakramu, na za mwisho kama 4 ndo kifandugu. Zile 24 za juu ndizo zinazobaki mbalimbali na kucheza, katikati yake kuna diski.

Madaktari wa dunia nzima wanaziita kwa herufi na namba. Za shingo ni C1 hadi C7, za kifua T1 hadi T12, za kiuno L1 hadi L5. Kila pingili ya kifua imeshika jozi moja ya mbavu. Kwa hiyo ukisikia mtu ana tatizo "L4", ni pingili ya nne ya kiuno, kuhesabu kutoka juu. Na kwa taarifa yako, twiga wa Mikumi na shingo lake lote lile naye ana pingili 7 tu za shingo kama wewe. Zake ni ndefu, basi.

Sasa kariri jambo moja, litaturudia: SI KILA MTU ANA HESABU HIYO. Wapo wenye pingili 4 za kiuno kwa sababu ya tano imeungana na sakramu. Wapo wenye 6 kwa sababu ya kwanza ya sakramu imejitenga. Wapo wenye jozi 11 za mbavu, na wapo wenye 13. Wengi wao ni wazima kabisa, hawajui, na hawatajua mpaka siku wapigwe picha.

2. EKSIREI NI KIVULI

Mjerumani Wilhelm Röntgen aligundua miale hii tarehe 8 Novemba 1895 mjini Würzburg. Mwaka 1901, tuzo ya Nobel ya fizikia ilipotolewa kwa mara ya kwanza, alipewa yeye. Kanuni yake mpaka leo ni ile ile: miale inapita mwilini, nyama inaizuia kidogo, mfupa unaizuia zaidi, na kinachobaki kwenye picha ni kivuli.

Kwa jicho lako ni picha. Kwa kompyuta ni jedwali la namba. Picha yenye pikseli 3,000 kwenda juu na 1,500 kwenda pembeni ni namba 4,500,000, kila moja ikisema sehemu hiyo ni nyeupe au nyeusi kiasi gani. Hakuna mahali palipoandikwa "hapa ni mfupa". Na kwa kuwa ni kivuli, vitu vimelaliana: mbavu juu ya pingili, moyo juu ya pingili, gesi ya tumboni juu ya pingili, na mkufu ambao mgonjwa alisahau kuuvua.

3. KWANINI TUZITAFUTE?

Sababu kubwa ni tatu.

Ya kwanza ni kupima mgongo uliopinda kwenda pembeni, yaani skoliosisi. Daktari wa Marekani, John Cobb, alieleza mwaka 1948 kipimo kinachotumika mpaka leo. Unatafuta pingili ya juu iliyoinama kuliko zote, na ya chini iliyoinama kuliko zote, unachora mstari juu ya ile ya kwanza na chini ya ile ya pili, kisha unapima pembe kati ya mistari hiyo. Kama ya juu imeinama digrii 18 upande mmoja na ya chini digrii 14 upande wa pili, jibu ni 32. Kuanzia digrii 10 inahesabiwa ni skoliosisi. Wataalamu wawili wakipima picha moja kwa mkono wanaweza kupishana kama digrii 5, na digrii 5 inaweza kuamua kama mtoto anavalishwa mkanda wa mgongo au anaambiwa arudi baada ya miezi kadhaa.

Ya pili ni pingili iliyobonyea, iwe kwa ajali, kwa kuanguka kutoka juu ya mnazi, au kwa mifupa kudhoofika uzeeni. Mwaka 1993 Harry Genant na wenzake walitoa madaraja: ukipungua urefu kwa asilimia 20 hadi 25 ni daraja la kwanza, 25 hadi 40 la pili, zaidi ya 40 la tatu. Kompyuta ikishapata kona za pingili hii ni hesabu ya darasa la saba tu. Pingili jirani ina urefu wa pikseli 300, hii ina 210, zimepotea 90. Tisini juu ya mia tatu ni asilimia 30. Daraja la pili.

Ya tatu ni upasuaji. Daktari anatakiwa afungue L4. Asifungue L3. Hii tutairudia.

4. ZAMANI NA SASA

Msidhani wazo hili ni la jana. Kati ya 1976 na 1980 Marekani ilifanya utafiti mkubwa wa afya za wananchi uitwao NHANES II. Zikakusanywa eksirei za shingo na kiuno kama 17,000, na baadaye maktaba yao ya taifa ya tiba ikaziingiza kwenye kompyuta. Watafiti wengi walihangaika nazo kwa njia ya zamani: mtaalamu anaandika KANUNI. Mathalani, "tafuta mstari mweupe, chini yake pawe na pembe ya kiasi hiki, upana usizidi kiasi fulani". Ilifanya kazi kwenye picha safi. Ukileta mgonjwa mnene, au mgongo uliopinda sana, kanuni zinachemsha.

Mwaka 2012 upepo ukageuka. Alex Krizhevsky, Ilya Sutskever na mwalimu wao Geoffrey Hinton, wa Chuo Kikuu cha Toronto, walishinda kwa mbali mashindano ya kutambua picha za kawaida (mbwa, magari, maua) kwa kutumia mtandao wa nyuroni bandia wenye tabaka nyingi. Huo ndo unaitwa ujifunzaji wa kina. Neno "kina" hapo halina maana ya hekima nzito, wadau. Maana yake ni tabaka nyingi, moja juu ya nyingine.

Mwaka 2015 Wajerumani watatu wa Freiburg, Ronneberger, Fischer na Brox, wakatoa mtandao unaoitwa U-Net, uliotengenezwa mahususi kwa picha za kitabibu. Unabana picha mpaka iwe ndogo ili kuelewa kwa ujumla inaonyesha nini, halafu unaipanua tena ili kusema kila kitu kiko pikseli gani. Ukiuchora unafanana na herufi U. Mpaka leo mitandao mingi ya kutafuta pingili ni watoto na wajukuu wa huu.

5. INAVYOJIFUNZA

Kwanza kabisa anaanza BINADAMU. Hili watu wengi hawalijui. Mtaalamu anakaa mbele ya skrini, anabofya kona nne za kila pingili, picha baada ya picha. Kuna hazina ya picha maarufu iliyotumika kwenye mashindano ya mwaka 2019, sambamba na mkutano wa MICCAI mjini Shenzhen, China. Ina picha 609 za migongo iliyopinda. Kila picha imewekewa alama pingili 17, yaani 12 za kifua na 5 za kiuno, kila pingili kona 4. Kumi na saba mara nne ni nukta 68 kwa picha. Zidisha kwa 609 unapata nukta 41,412. Nyuma ya kila nukta kuna binadamu.

Nilijaribu na mimi kubofya picha tano, nukta 340, ili nijue ladha yake. Macho yaliwaka. Sehemu ya kiuno inakwenda vizuri, ila ukifika kule juu ambako mabega, mbavu na mapafu vimelaliana, unajikuta umesogeza pua mpaka karibu na kioo.

Baada ya hapo mashine inaanza shule. Chukua mfano wa mtoto anayejifunza manati. Anarusha kokoto, linapita kushoto kwa embe, mara ya pili analenga kulia kidogo. Hakuna aliyempa kanuni ya fizikia; anarekebisha mkono kwa kuangalia amekosa kwa kiasi gani. Mtandao nao unapewa picha, unabahatisha nukta 68, unaonyeshwa nukta za mtaalamu, inapigwa hesabu ya umbali kati ya jibu lake na jibu sahihi. Ndani yake kuna namba ndogo ndogo, mara nyingi mamilioni, na kila moja inasogezwa kidogo upande utakaopunguza kosa. Picha inayofuata. Halafu inayofuata. Zikiisha zote zinarudiwa tena, mara mia au zaidi.

Wakati huo tabaka za mwanzo zinajifunza kuona ncha na mistari, za katikati zinaona kona na maumbo ya mfupa, za mwisho zinaona mpangilio wa mgongo mzima. Hakuna aliyeziambia zigawane kazi hivyo.

Jibu linaweza kutoka kwa namna tatu. Namna ya kwanza ni SANDUKU: mashine inachora boksi kuzunguka pingili. Namna ya pili ni NUKTA: inaweka alama kwenye kona au katikati. Namna ya tatu ni KUPAKA RANGI: kila pikseli ya mfupa inapakwa. Kwenye nukta kuna mbinu moja naipenda sana. Badala ya mashine kutoa jibu moja kavu, inatoa ramani ya uwezekano: panapong'aa zaidi ndipo inapodhani kona ipo. Kukiwa na doa moja dogo linalong'aa, mashine ina uhakika. Kukiwa na ukungu mpana, au madoa mawili, mashine inasitasita, na daktari akiangalia ramani anaiona ikisitasita. Faida kubwa hiyo.

Mwisho unakuja mtihani. Tuseme una picha 609: unafundishia 500 na kuficha 109. Zile 109 mashine isizione kabisa mpaka siku ya mtihani. Na angalia hapa, vijana: mgonjwa mmoja akiwa na picha mbili, moja ikaenda kwenye masomo na nyingine kwenye mtihani, mashine imedesa. Itapata maksi za juu kwa sababu inaukumbuka mgongo wa yule mtu. Ukiona mtu anatangaza maksi 99, muulize kwanza kama aligawa kwa PICHA au kwa MGONJWA.

6. KUONA NI RAHISI, KUHESABU NDIYO KAZI

Haya, tumefika.

Kusema "hapa pana pingili" siku hizi si muujiza. Tatizo ni kusema ni pingili ya NGAPI. T7 na T8 ni kama mapacha Kulwa na Doto. Ukikata picha ukabakiza pingili moja ya katikati ya kifua, hata daktari bingwa hawezi kukuapia jina lake. Binadamu anategemea vigingi: C2 yenye kijino chake, mbavu za mwisho pale T12, na sakramu kule chini. Anaanza kwenye kigingi, anahesabu.

Nilimuuliza yule jamaa wa eksirei afanyeje akiletewa picha ya kifua na tumbo isiyofika kwenye sakramu. Alicheka.

"Mdogo wangu," akasema, "picha isiyonionyesha pa kuanzia kuhesabu, mimi siipi pingili jina. Nikikupa jina hapo nitakuwa nimebahatisha, na daktari atashika kisu kwa bahati yangu."

"Sasa kaka unafanyaje?"

"Naandika kwamba hesabu haiwezekani. Ikibidi tunapiga nyingine."

Mashine haina aibu hiyo, labda ufundishwe mtandao wenye aibu. Ukiichunguza kwa dirisha dogo inaona mfupa lakini haijui ipo wapi kwenye mgongo. Ndiyo maana mifumo mizuri inafanya kazi kwa hatua mbili: kwanza inaangalia picha nzima iliyopunguzwa ili kujua mgongo unaanzia wapi na kuishia wapi, ndipo inasogea karibu kwenye kila pingili. Halafu inawekewa sharti la foleni: chini ya T8 lazima awepo T9, hakuna kuruka na hakuna kurudia.

Lakini sharti la foleni lina ubaya wake. Ukikosea mmoja, umekosea wote. Mashine ikiruka pingili moja pale juu, zote zilizo chini yake zinapata jina la jirani. Na mbaya zaidi, kwenye karatasi itaonekana imefanya vizuri! Tuseme masanduku yote 17 yamekaa barabara juu ya mifupa, kosa la wastani milimita 2 tu kutoka katikati ya mfupa ulio karibu. Lakini majina yote yamesogea moja. Kwa kipimo cha umbali, hongera. Kwa kipimo cha majina, sifuri kati ya 17. Kwa hiyo mtu akikutangazia mashine yake, muulize maswali MAWILI: inakosea kwa umbali gani, na inataja majina sahihi mara ngapi.

Sasa rudisha akili namba 1, wale wenye pingili 4 au 6 za kiuno. Mtu mwenye 6, ukihesabu kutoka chini unapata jina moja, ukihesabu kutoka juu unapata jingine, kwa mfupa ule ule. Daktari mmoja akiandika "L4" akihesabu kutoka chini, na mwingine akaingia chumba cha upasuaji akihesabu kutoka kwenye mbavu, wote wawili wamehesabu sawasawa, na mgonjwa anafunguliwa pasipo. Kupasua pingili ya jirani ni kosa linalojulikana sana duniani, kiasi kwamba mwaka 2001 chama cha wataalamu wa mgongo cha Amerika ya Kaskazini kilianzisha kampeni ya maneno matatu: weka sahihi, weka alama, piga eksirei. Yaani hata daktari akiwa tayari ameshika kisu, anaweka alama ya chuma, inapigwa picha pale pale, anahesabu upya.

Watafiti wanalijua tatizo. Mashindano ya VerSe ya 2019 na 2020, yaliyoandaliwa na watu wa Munich, yalitumia picha za CT skani 374 za watu 355, zenye pingili 4,505 zilizowekewa alama moja moja, na wakajumuisha kwa makusudi watu wenye hesabu isiyo ya kawaida. CT ni picha ya pande zote, ina nafuu. Eksirei ni kivuli kimoja, kwa hiyo ugumu unaongezeka.

7. INAPOCHEMSHA

Mashine inaijua migongo iliyoonyeshwa. Basi. Hilo ndilo neno la kubeba nyumbani.

Ile hazina ya picha 609 ni ya watu wenye skoliosisi, na kila picha ina pingili 17. Mtandao uliofundishwa kutoa nukta 68 utatoa nukta 68, upende usipende, hata ukiupa picha ya mbuzi. Sasa mletee mgonjwa wa kifua kikuu cha mgongo. Ugonjwa huu Mwingereza Percivall Pott aliueleza mwaka 1779. Vijidudu vinakula diski na mifupa miwili inayopakana nayo, pingili zinaporomoka, wakati mwingine zinashikana kuwa kitu kimoja, na mtu anaota kibiongo. Picha sasa ina pingili 16 zinazohesabika. Mashine inadai 17. Ya kumi na saba itatoka wapi? Itaibuni, au itaikata moja vipande viwili. Na pembe itakayotoka hapo itakuwa na desimali zake safi kabisa, digrii 41.7, ukadhani imepimwa na malaika.

Hili kwetu si la kufikirika. Kwenye orodha ya Shirika la Afya Duniani ya nchi 30 zenye mzigo mkubwa wa kifua kikuu kwa miaka ya 2021 hadi 2025, Tanzania, Kenya, Uganda na Kongo ya Kinshasa zote zimo. Mgongo wa Pott si mgeni katika wodi zetu.

Kuna mitego mingine. Skrubu na vyuma vya upasuaji vinang'aa kuliko mfupa na kuipofusha mashine. Picha ya filamu iliyopigwa kwa simu juu ya dirisha ina mng'ao na imeinama. Halafu kuna mtego wa mazoea: mwaka 2018 John Zech na wenzake huko Marekani walichunguza mitandao ya kutafuta nimonia kwenye eksirei za kifua, wakakuta mtandao unaweza kutambua picha imetoka hospitali gani karibu bila kukosea, na ukitumia fununu hiyo kukisia ugonjwa. Ikihamishwa hospitali, mara nyingi maksi zilishuka. Mwanafunzi alikuwa anasoma nembo ya karatasi badala ya swali.

Tukumbuke pia kwamba mwaka 2016 Hinton alisema hadharani kuwa vyuo viache kufundisha madaktari wa kusoma eksirei, maana ndani ya miaka mitano mashine ingewapita. Mwaka 2024 alipata Nobel ya fizikia pamoja na John Hopfield, tuzo ile ile ya Röntgen, na anastahili. Lakini ile miaka mitano ilikwisha 2021 na wasoma eksirei bado wanatafutwa kwa tochi.

8. SISI TUFANYE NINI?

Mtazamo wangu: tusikatae na tusipokee kichwa kichwa. Mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani lilikubali programu za kompyuta zitumike kuchuja eksirei za kifua kwa ajili ya kifua kikuu, kwa watu wa miaka 15 na kuendelea. Kwa hiyo mlango umeshafunguliwa. Kwenye mgongo, kazi inayoifaa mashine ni ya kupima pembe na urefu bila kuchoka, na kuweka pendekezo la majina ambalo binadamu ATALIHAKIKI kwa kuhesabu mwenyewe. Kuhakiki si kupoteza muda. Utafiti wa orodha ya usalama ya upasuaji uliochapishwa Januari 2009 ulifanyika hospitali 8 duniani, moja ikiwa Ifakara hapa Tanzania. Watu walisimama, wakaulizana maswali kutoka kwenye karatasi kabla ya kupasua. Vifo vilishuka kutoka asilimia 1.5 hadi 0.8. Karatasi tu, wadau!

La pili, migongo yetu iingie darasani. Vietnam walifanya: mwaka 2021 watafiti wao walitoa hazina ya VinDr-SpineXR, picha zaidi ya 10,000 za mgongo kutoka vipimo 5,000, zilizowekewa alama na madaktari. Hawakusubiri kuletewa. Kabati za hospitali zetu zimejaa picha za ajali za bodaboda, za Pott, za akina mama waliobeba mizigo kichwani miaka 40. Zikikaa kabatini, mashine itakayokuja kununuliwa haitazijua.

Lakini ifanyike kwa utaratibu. Picha ya eksirei mara nyingi imechomwa jina na namba ya mgonjwa pembeni, na ndani ya faili kuna tarehe ya kuzaliwa. Vifutwe vyote kabla picha haijatoka hospitali. Kenya ina Sheria ya Kulinda Data ya 2019, na Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022. Mgongo wa mtu ni siri yake.

9. UKITAKA KUJARIBU MWENYEWE

Huhitaji kompyuta ya gharama. Jifunze Python kwanza. Tumia huduma ya bure ya Google Colab, inafanya kazi ndani ya kivinjari, kwa hiyo hata kafe inawezekana. Chukua hazina iliyo wazi kwa utafiti, usichukue picha ya shangazi yako. Punguza ukubwa wa picha, ila kumbuka: ukiipunguza mara tatu, kosa la pikseli 1 kwenye ndogo ni pikseli 3 kwenye halisi. Anza na U-Net ndogo ya kutafuta katikati ya pingili tano za kiuno tu. Ikikubali, ongeza. Na kabla ya yote, bofya picha 20 kwa mkono wako. Utajifunza mengi kuliko kusoma makala kumi kama hii.

10. MASWALI YA KUMUULIZA MUUZAJI

Siku mtu akija na kompyuta yake kwenye hospitali ya wilaya kwenu akisema inasoma mgongo, muulizeni haya:

- Ilifundishwa kwa picha za nani, na ngapi?
- Mtihani uligawanywa kwa mgonjwa au kwa picha?
- Inataja majina sahihi mara ngapi, mbali na umbali wa milimita?
- Ikikutana na mtu wa pingili 6 za kiuno inasemaje?
- Ikiletewa mgongo wa Pott inasemaje?
- Inaweza kusema "sijui"?

Akipata kigugumizi kwenye la mwisho, mnunulieni soda mumsindikize. Mfanyakazi wa eksirei anayeandika "hesabu haiwezekani" anamlinda mgonjwa kuliko mashine inayojibu kila kitu.

Nawakilisha. Walioko kwenye fani, hasa wa radiolojia na wa mifupa, karibuni mnyooshe pale palipopinda. Na wewe kijana uliyeko kafe unayesoma kompyuta chuoni, kama unatafuta mada ya mradi wa mwisho, hii hapa. Kaazi kwenu.